Naomba Nikachukue Chaki

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi ya Shule, mgeni wetu wa heshima, Ndugu Mkuu wa Shule na makamu wako, walimu wenzangu, mlioko kazini na mliotangulia kustaafu, ndugu wazazi na walezi, wageni waalikwa, wanafunzi wapendwa mliokaa sakafuni kwa sababu viti vyenu tumevikalia sisi, na mwisho, ingawa leo ulistahili kutajwa wa kwanza, wewe wifi yangu uliyekaa hapo mbele umekunja mikono kama mtu anayesubiri kuchomwa sindano: habari zenu za mchana?

Nimeambiwa nizungumze kwa ufupi. Mkuu wa Shule ameniambia, mwongoza shughuli ameniambia, na kaka yangu, mume wa bibi huyu, amenivuta pembeni akaniambia tena. Nawajibu wote kwa pamoja: mngetaka ufupi mngemwita mwalimu wa Hisabati, lakini mwalimu wa Hisabati ndiye tunayemuaga. Mmebaki na wa Kiswahili, basi vumilieni.

Kwa wasiojua undugu wetu, mimi na yeye tulianza kama majirani wa meza katika ofisi ya walimu. Alikuwa ananikopa kalamu na harudishi. Siku moja nikamkaribisha nyumbani kwetu kunywa chai, akamkuta kaka yangu amejipinda juu ya cherehani, pini zimemjaa mdomoni hata salamu hawezi kuitikia. Akaniuliza njiani, "Huyu kaka yako ni mpole hivi siku zote?" Nikamwambia, "Mpole wapi, ana pini mdomoni." Hakunisikia. Kwa hiyo mimi mwenyewe ndiye niliyemwingiza nyumbani, na tangu wakati huo magauni yangu yanashonwa baada ya yake.

Ndugu zangu, mnaikumbuka shule hii ilivyokuwa tulipokuwa vijana? Mnakumbuka mbao nyeusi, na mikono ya mashati yetu ilivyokuwa myeupe mpaka kwenye kiwiko, na jinsi ulivyoweza kumtambua mwalimu sokoni kwa vumbi la chaki kwenye sketi? Mnakumbuka kengele yetu, ringi ya gari iliyoning'inia kwenye kona ya ofisi, ambayo kila kiranja aliipiga kwa mdundo wake, hata ukiwa umefumba macho unajua leo zamu ni ya nani? Mimi naikumbuka, na nikiwa peke yangu huwa nainong'ona midundo ile. Naipenda shule ile ya zamani kwa moyo wangu wote.

Lakini tusidanganyane kwa sababu leo ni sherehe. Shule ile ilikuwa na hofu. Watoto walitembea na bikari mfukoni, na hazikuwa za kuchorea duara. Nyuma ya vyoo palikuwa na damu mara nyingi kuliko tulivyokubali kusema kwenye mikutano ya wazazi. Wapo waliokuja shuleni kwa kuzunguka njia ndefu ili wasikutane na wenzao, na wapo walioacha kuja kabisa. Na sisi tulifanya nini? Mtoto akimpiga mwenzake, tulimpiga yeye ili ajue kwamba kupiga ni vibaya. Kama mwalimu wa lugha, sentensi hiyo nikiletewa kwenye insha, naizungushia wino mwekundu.

Katika shule hiyo ndimo wifi yangu alimokuwa anafundisha pembetatu, asubuhi moja, Kidato cha Tatu, uso ameuelekeza ubaoni. Nyuma yake pakatulia. Walimu wenzangu, utulivu ule mnaujua. Kelele za wanafunzi hazimtishi mtu. Kinachotisha ni darasa zima kunyamaza kwa mpigo. Akageuka. Kijana mmoja mrefu kupita kiasi, tuliyemwita Mnara, alikuwa amesimama na mguu wa kiti uliovunjika mkononi, msumari bado umechomoza. Mwenzake alikuwa amebanwa ukutani, hana pa kukimbilia.

Kisa chake kilikuwa hiki. Siku ya wazazi, mama yake Mnara alikuja hapa, ndani ya ukumbi huu huu, amevaa miwani ya jua, na hakuivua tangu alipoingia mpaka alipoondoka. Watoto si wajinga, waliona. Asubuhi ile yule mwenzake alimwuliza kwa sauti, darasa zima lisikie, "Mnara, leo mama kaamka na jicho gani?" Wakacheka.

Sasa, kimo cha wifi mnakiona. Akisimama bila viatu ananifika begani, na mimi si mrefu. Mbele yake kuna kijana anayegusa fremu ya mlango kwa kichwa, na ana msumari. Amenisimulia mara nyingi: "Wifi, nilitafuta neno la kusema, nikakosa. Kelele ya kupiga nikakosa. Nikafungua mdomo, likatoka lile ninalolisema kila siku." Na neno lililotoka lilikuwa hili: "Mnara, kaniletee chaki."

Na mkononi wifi alikuwa ameshika boksi zima la chaki, limejaa pomoni.

Mnajua kilichotokea? Akaenda! Kijana yule alikuwa ameagizwa chaki tangu darasa la kwanza; miguu ilitii kabla hasira haijapata nafasi ya kukataa. Aliuweka ule mguu wa kiti juu ya dawati, taratibu, akatoka, akavuka uwanja wote mpaka stoo ile iliyo nyuma ya tangi la maji. Alikawia. Aliporudi, uso ulikuwa umelowa maji ya bomba na ngumi imejaa chaki, nyingine zimevunjika kwa kubanwa. Wifi akazipokea, akasema "asante", akaendelea na pembetatu yake.

Baada ya kipindi akamwambia, "Hizi zimezidi, twende tukazirudishe." Wakaenda pamoja. Humo stooni, kati ya maboksi na mifagio, Mnara akasema yanayotokea nyumbani kwao usiku. Na huyu bibi hakuishia kusikiliza. Alikwenda kwa mama yule, akaenda tena, akafukuzwa, akarudi na watu wa ustawi wa jamii, mpaka mama na wanawe wakapata pa kulala kwa amani. Kisha akamwita stooni yule aliyemtania Mnara, akamsikiliza na yeye, kwa sababu na yeye alikuwa na yake.

Ofisini wifi alitwambia neno moja tu: "Akiomba chaki, mwacheni aje." Basi wiki iliyofuata nikiwa nafundisha ngeli, Mnara akanyoosha mkono. "Mwalimu, naomba nikachukue chaki." Nikamtazama, nikaona taya zake zimekaza. Nikasema, "Nenda." Baada yake akaomba mwingine, kisha binti mmoja wa Kidato cha Kwanza ambaye hatukuwahi kusikia sauti yake. Haikupita muda, shule nzima ilikuwa inaomba chaki.

Mheshimiwa Mwenyekiti, nimefundisha lugha maisha yangu yote, na hili ndilo neno pekee nililoliona likizaliwa. Watoto walianza kusema, "Leo nina chaki, usinitanie." Wakasema, "Mwache, ana chaki huyo." Jambo dogo waliliita vumbi. Hakuna kamusi iliyoandika maana hiyo, lakini ndani ya uzio huu kila mtu aliijua, mpaka mpishi, mpaka mlinzi wa getini.

Na nyumbani neno hili lilileta balaa. Kaka yangu, kama mjuavyo, ni fundi cherehani, na fundi cherehani anachorea vitambaa kwa kitu gani kama si chaki? Siku moja, baada ya kutofautiana kidogo juu ya chumvi, kaka akavaa kofia akasema, "Naenda kuchukua chaki." Alikuwa ameishiwa, maskini, ana suruali ya mteja mezani. Wifi akamfuata mpaka dukani! Akamkalisha kwenye gunia la mchele mbele ya muuza duka, akamshika mkono, akamwambia, "Sema, mume wangu, usifiche, nakusikiliza." Mnamwona kaka anavyocheka pale? Siku ile hakucheka. Alikuja nyumbani kwangu akaniambia, "Dada, umeniletea mwalimu." Lakini nawaambia wageni waalikwa, kabla ya kutoka pale dukani kuna jambo alilisema, la marehemu baba yetu, ambalo mimi ndugu yake wa tumbo moja nilikuwa sijawahi kulisikia. Kwa hiyo tucheke, lakini tusicheke sana.

Stoo yenyewe mmepita mlangoni mwake bila kuijua. Ina vigoda viwili, na foronya za mito yake zimeshonwa na fundi niliyemtaja, kwa mabaki ya sare zenu. Vigoda havitazamani. Vyote vinatazama dirishani, kwa sababu wifi anasema kuna maneno hayatoki mtu akikukodolea macho. Pana beseni na jagi la maji ya kunawa. Hakuna bango ukutani, hakuna picha ya mtoto anayetabasamu.

Na masharti yake ni machache. Anayeomba chaki haulizwi sababu. Akirudi darasani, anarudi na kipande cha chaki, anakiweka mezani kwa mwalimu, maana yake: sasa naweza kukaa na watu. Na anapotoka, hakuna anayegeuka kumtazama. Sharti hili la mwisho ndilo lililotutoa jasho, maana shingo ya binadamu ina umbea wake. Mnajua alilifundishaje? Alimleta fundi cherehani, mwenye mji wake, akamweka mlango wa nyuma wa darasa, kazi yake kuufungua na kuufunga, kuufungua na kuufunga, kipindi kizima, na kila aliyegeuka alipewa hesabu ya ziada. Kidato kile kilifaulu Hisabati kuliko vyote vilivyotangulia.

Nisije nikawafanya muamini kwamba haya yalikwenda kama maji mtelemkoni. Mwalimu wa Jiografia yupo pale, amenipa ruhusa nimseme, ila amenisihi nisiitaje tai aliyovaa siku ile. Sitaitaja. Alikuwa mgeni, kijana, ametoka chuoni na vyeti vyake safi, na sisi wenyeji tulisahau kumwambia neno letu. Mwanafunzi akasimama: "Mwalimu, naomba nikachukue chaki." Yeye akatazama mezani, akaona chaki tele, akajibu kama ambavyo mtu yeyote mwenye akili zake angejibu: "Chaki hizi hapa. Kaa chini." Mtoto akakaa. Hakukaa sana. Kabla kengele haijalia, kioo cha dirisha kilikuwa chini, na mwenzake alikuwa anapelekwa zahanati kushonwa mkono.

Kamati ya nidhamu ikakaa, na wengi wetu tulitaka mtoto yule afukuzwe. Wifi akasimama. Hakupandisha sauti. Alisema, "Mtoto huyu aliomba. Aliomba kwa lugha tuliyomfundisha sisi wenyewe, akajibiwa kwa lugha nyingine. Tunamfukuza kwa kosa gani, la kusema vizuri?" Mtoto akabaki. Akaenda kumwomba radhi mwenzake kitandani, akambebea mabegi mpaka mkono ulipopona. Na kuanzia hapo mwalimu mgeni akifika, kabla ya kuoneshwa choo, anaoneshwa stoo. Mwalimu wa Jiografia naye akawa anakwenda pale jioni, mwanzoni kuuliza, baadaye kukaa zamu wifi akiwa na udhuru. Amejifunza kutazama dirishani.

Na yupo mmoja ambaye hakuomba. Wifi, nisamehe, najua hupendi nimseme, lakini leo nikimwacha nje ya hotuba utakuja kunilaumu. Alikuwa mtoto mtulivu, daftari safi, hana ugomvi na mtu. Siku moja hakuja, na hakuja tena. Wifi alikwenda kwao akakuta mlango umefungwa kwa kufuli na majirani hawajui, au hawasemi. Mpaka leo tukipita mtaa ule anapunguza mwendo mbele ya mlango ule. Ndiyo maana, walimu wenzangu, alipokuwa anaingia darasani alikuwa anaanza na wale waliotulia. Mlidhani ana upendeleo. Alikuwa anamtafuta yule.

Miaka imekwenda, jamani. Ringi ya gari imeshushwa, sasa tuna kengele ya umeme inayolia kwa sauti moja, haina zamu wala mtu. Mbao nyeusi zimeondoka, tumepata nyeupe na kalamu za wino, na tunashukuru, vifua vyetu vimepona. Hakuna mwalimu anayetumia chaki shule hii. Hawa watoto waliokaa sakafuni hawajawahi kuandikiwa kwa chaki, na wengine waliiona kwa mara ya kwanza humo stooni, wakauliza inaliwa? Lakini neno wanalo. Wamerithishwa na kaka zao na dada zao, na kila siku bado nasikia, "Mwalimu, naomba nikachukue chaki," na ninaposikia moyo wangu unarudi kwenye ubao mweusi na vumbi, na huyu mwanamke mfupi na boksi lake lililojaa.

Mnara yupo hapa. Sasa ni fundi wa kuchomelea, na grili ya dirisha la stoo ni kazi ya mikono yake. Amezipanga nondo zikiachana ili mwanga uingie. Mama yake amekaa karibu naye. Amevaa miwani, ndiyo. Ni ya kusomea. Wote wawili waliniambia niyaseme haya, na nimeyasema.

Sasa, Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba nikugeukie wewe, kwa heshima zote, na kwa ule mdomo wangu unaoujua. Tumesikia kwamba Bodi imekaa, ikaona kwamba mwalimu huyu akiondoka stoo ile itakuwa wazi, na kwamba patafaa kuweka mashine ya fotokopi. Sikatai, mashine tunaihitaji. Mitihani yetu inatoka imefifia mpaka watoto wanajibu maswali ambayo hatukuuliza. Lakini nani alisema chumba kitakuwa wazi?

Jana mwanafunzi mmoja alinifuata baada ya paredi. Kiswahili kina adabu zake: nikisema "yeye", hamtajua kama ni binti au mvulana, na hivyo ndivyo ninavyotaka. Yeye aliniuliza, "Mwalimu, Jumatatu nikitaka chaki, nitaichukua wapi?" Nimefundisha ushairi, nimefundisha hadithi, nimejibu maswali ya wakaguzi. Swali hilo si langu kulijibu. Nilimwambia nitaliuliza leo, mbele ya watu. Nimeliuliza. Huyo mtoto hana pengine pa kwenda, Mheshimiwa, nami nimeona taya zake.

Asubuhi hii wifi alinipa ufunguo wa stoo. Huu hapa, umefungwa kwa utepe wa kitambaa cha sare. Akasema, "Wifi, nirudishie ofisini, mimi miguu imekataa." Sijaupeleka ofisini. Zawadi rasmi ataikabidhi Mkuu wa Shule, ile saa ya ukutani ambayo kila mtu anajifanya hajui kwamba ni saa. Mimi nilikuwa nataka kumaliza kwa kuomba kwamba huu ufunguo...

Naam?

Nimesikia. Sauti imetoka huko nyuma, na maneno nimeyasikia vizuri.

Nenda, mwanangu. Nenda kachukue chaki.

Wageni waalikwa, masharti nimeshawaeleza. Nitazameni mimi. Mnitazame mimi mbaya hivi hivi.

Wifi, kaa. Kaa chini, dada, unakwenda wapi na wewe umestaafu? Kaka, mshike mkono mkeo. Mshike. Ndiyo. Najua, wifi yangu. Najua. Lia tu, hakuna anayekutazama.

Mwalimu wa Jiografia, mbona umeshafika hapa mbele kabla sijakuita? Shika ufunguo. Mlango ule unabana, uinue kidogo kabla ya kusukuma. Na maji ya kwenye jagi ni ya jana, yabadilishe. Nenda taratibu, usimkimbize.

Mnasikia? Mlango wa nyuma umefunguliwa. Sasa umefungwa. Safari hii si kaka yangu.

Mheshimiwa Mwenyekiti, nilikuwa nakutazama wewe muda wote huu. Shingo yako ilitaka kugeuka, nikaiona inataka, ukaizuia, ukanitazama mimi mpaka mlango ulipofungwa. Sina la kuongeza juu ya mashine ya fotokopi. Umeshalijua neno letu, na wewe sasa ni mwenyeji.

Wifi, pumzika. Kalamu zangu sizidai tena. Ahsanteni nyote kwa kunisikiliza, na zaidi ya hapo, ahsanteni kwa kutogeuka.